Ujumbe wa kliniki usisomwe na shemeji: maswali yenu kuhusu utafiti wa afya kwa simu

Barua za safari hii zimetoka kwa wanaofanya utafiti wa afya kwa simu za mkononi: wanafunzi wa uzamili, wauguzi, wasimamizi wa takwimu, na mmoja aliye upande wa kampuni. Tumezifupisha na kuacha majina. Ukizisoma pamoja utaona kitu kimoja: kamati ya maadili hupitisha fomu ya ridhaa kwa makini, halafu madhara huja kwa mlango mwingine, kupitia mipangilio ya kishikwambi, jina linalotokea juu ya ujumbe, au kifungu cha mkataba ambacho hakuna aliyekisoma.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasoma uzamili wa afya ya jamii, Morogoro. Nataka kupima kama ujumbe mfupi unasaidia wagonjwa wa CTC, yaani kliniki ya huduma na dawa za VVU, kumeza dawa bila kukosa. Msimamizi wangu anasema hilo limeshafanywa, nitafute mada nyingine. Kuna lililobaki? Na kama lipo, ujumbe niuandikeje?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi nusu. Swali la kama SMS zinasaidia lilijibiwa Kenya zamani. Jaribio la WelTel, lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010, liliwachukua watu wazima 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi katika kliniki 3. Kundi moja lilipata ujumbe mara 1 kwa wiki, na ujumbe wenyewe ulikuwa "Mambo?" tu. Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48: "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Baada ya mwaka, waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe na 50 kwa wasiotumiwa. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Mwaka uliofuata yalitoka matokeo ya kliniki ya Chulaimbo, upande wa Kisumu. Watu 431 walifuatiliwa kwa wiki 48, na dawa zao zilikaa kwenye chupa yenye kifuniko kinachorekodi kila inapofunguliwa. Waliokumbushwa kila wiki, asilimia 53 walifikia ufuasi, yaani kumeza dawa kama walivyoagizwa, wa asilimia 90 au zaidi. Wasiokumbushwa, asilimia 40. Waliokumbushwa kila siku hawakupata nafuu yoyote inayoonekana. Kengele inayolia kila siku mwishowe haisikiki.

Kwa hiyo usipime tena kama SMS zinasaidia. Pima pale zinaposhindwa. Mgonjwa ambaye simu ni ya mume wake, unamfikiaje? Kijana wa sekondari ya bweni, ambako simu haziruhusiwi, anakumbushwa na nani? Nani anampigia aliyejibu "Shida" pale muuguzi mmoja anapohudumia foleni ya watu mia? Swali hili la mwisho ndilo wengi hulikwepa, ingawa tunavyoona sisi nguvu ya WelTel ilikuwa kwenye ile simu ya kurudi kuliko kwenye ujumbe wenyewe. Ukipanga SMS bila mtu wa kupiga simu, unapima kitu kingine.

Kuhusu maneno, ulitazame tena lile "Mambo?". Halina dawa, halina kliniki, halina jina la mtu. Shemeji akilisoma hapati chochote. Siku ya kumsajili mshiriki muulize mambo manne na majibu yaandikwe: laini imesajiliwa kwa jina la nani, simu hulala kwa nani, nani mwingine anajua namba ya kuifungua, na ujumbe ukiingia unasomeka kwenye kioo kabla ya kufunguliwa au la. Kama unasomeka, mwoneshe hapo hapo namna ya kuuficha. Kubalianeni neno la kutambulishana. Mhudumu akipiga, asitamke lolote la ugonjwa hadi mpokeaji ataje neno hilo. Asipolitaja, mhudumu aseme amekosea namba. Pia liwepo neno la kujitoa, kwa mfano ACHA, na likitumwa ujumbe ukome siku hiyo hiyo. Mtu atakayeandika "nimechoka achaneni na mimi" naye amejitoa, hata kama mashine haijamwelewa, kwa hiyo majibu yasiyotambulika yasomwe na binadamu kila siku.

Angalia na jina la mtumaji. Mitandao huruhusu herufi 11. "KLINIKI-VVU" inatimiza 11 barabara, na inatosha kuvunja ndoa. Isitoshe, jina la maneno halijibiki. Ukitaka majibu ya "Sawa" na "Shida" unahitaji namba fupi au laini ya kawaida.

SWALI: Sisi ni mradi wa lishe ya watoto, Iringa. Bajeti ya SMS imekwisha mradi ukiwa nusu, na idadi ya akina mama haijaongezeka hata mmoja. Wakala wa SMS anadai hakosei. Tuanzie wapi kukagua?

JIBU: Anzieni kwenye neno ng'ombe. Hatufanyi mzaha.

Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 ukiwa na herufi za kawaida tu. Ikiingia alama moja isiyo kwenye orodha hiyo ya kawaida, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70. Kitone cha juu cha "ng'" kilichonyooka kimo kwenye orodha. Kile kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe bila kukuuliza, hakimo. Chukueni ujumbe huu: "Mama, mtoto chini ya miezi 6 hahitaji maji wala maziwa ya ng'ombe. Mnyonyeshe tu, usiku na mchana, kila anapotaka." Ni herufi 114, yaani ujumbe 1. Ukiuandika kwenye programu inayopindisha kile kitone kisha ukaunakili, unakuwa ujumbe 2, kwa sababu ujumbe uliogawanywa katika mfumo huo hubeba herufi 67 kwa kila kipande. Bei imeongezeka maradufu na kwa macho hakuna tofauti.

Wakosaji wengine ni alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu, nukta tatu zilizoungana kuwa alama moja, na vikatuni vya nyuso. Halafu kuna majina. Mkianza na "Mpendwa" mkaacha nafasi ya jina lijazwe na mashine, Asha atapita na Mwanahamisi atavuka 160, na ukivuka 160 kila kipande hushuka hadi herufi 153. Hesabuni kwa jina refu kuliko yote kwenye daftari lenu.

Tiba: andikeni ujumbe kwenye kihariri cha maandishi matupu, mtumie simu zenu wenyewe za kila mtandao kabla ya kuwatumia akina mama, na mwombeni wakala ripoti ya vipande, siyo ya ujumbe. Mkiwa huko muulizeni pia kama namba iliyozimwa hutozwa. Na mjue kwamba neno "umefika" kwenye ripoti yake maana yake umefika kwenye simu. Kama umesomwa, ripoti haijui.

SWALI: Tunakusanya takwimu za malaria vijijini kwa vishikwambi vyenye ODK, programu ya kujazia fomu. Kimoja kimeibwa kikiwa na fomu za siku mbili. Kiongozi wa mradi anasema tusijali, kina neno la siri. Tumfuate?

JIBU: Msimfuate bado. Neno la siri la kioo ni mlango wa kwanza tu. Jiulizeni fomu zile zilikuwa katika hali gani wakati zinaibwa.

ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, inaweza kufunga kila fomu kwa jozi ya funguo mbili. Ufunguo wa wazi unakaa ndani ya fomu kwenye kishikwambi na kazi yake ni kufunga tu. Ufunguo wa siri unabaki ofisini na ndio pekee unaofungua. Ikiwa mlikuwa mmewasha utaratibu huo, mwizi ana rundo la herufi zisizosomeka. Lakini kuna tundu ambalo wengi hawalijui: fomu hufungwa pale tu mkusanyaji anapoikamilisha. Iliyoachwa kama rasimu, kwa mfano kwa sababu baba mwenye nyumba hakuwepo na mkusanyaji akapanga kurudi kesho, iko wazi na majina yake yote. Hivyo sheria ya timu iwe hakuna rasimu inayolala. Ikishindikana kumalizika, ikamilishwe na sababu ya kutomaliza ijazwe kwenye swali lililotengwa kwa ajili hiyo.

Huo utaratibu una gharama zake. Fomu iliyofungwa hairekebishiki tena kwenye kishikwambi, kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya kukamilisha, mkusanyaji angali mlangoni kwa mwenye nyumba. Na ufunguo wa siri ukipotea, takwimu zimepotea. Hakuna fundi wa kuzirudisha. Wekeni nakala 2 sehemu 2 tofauti, na mtu zaidi ya mmoja ajue zilipo.

Mengine ya kuweka kabla ya kutoka ofisini: fomu zitumwe zenyewe mtandao unapopatikana na zifutike kwenye kifaa baada ya kutumwa, menyu ya mipangilio ifungwe kwa nenosiri la msimamizi, tarehe na saa zichukuliwe kwenye mtandao (kishikwambi kilichozima betri kabisa huweza kurudi na tarehe ya ajabu, na hapo mtoto anaonekana amepimwa kabla ya kuzaliwa), na utafutaji wa kifaa kwa mbali uwe umewashwa. Kila mkusanyaji abebe pawabenki. Ya mAh 10,000 huwa inatosha siku ya kazi kwa kishikwambi cha kawaida, mradi mwanga wa kioo usiachwe juu kabisa.

Kwa kilichokwisha kuibwa: andikeni leo fomu ngapi, za kijiji gani, zilikuwa na taarifa gani, rasimu ngapi. Iarifuni kamati ya maadili. Kwa Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mwenye dhamana ya taarifa saa 72 tangu atambue tukio lenye hatari kwa wahusika awe amemwarifu Kamishna. Kampuni inayomchakatia ina saa 48 kumwambia yeye. Tanzania iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na pa kwenda ni Tume iliyoundwa na sheria hiyo.

Swali dogo mlilolitupia mwishoni, la namba za washiriki kujirudia: ipeni kila kishikwambi kundi lake la namba, kisha ongezeni tarakimu ya ukaguzi. Mfano namba 2741. Zidisha tarakimu zake kwa 5, 4, 3 na 2: unapata 10, 28, 12 na 2, jumla 52. Gawanya kwa 11, linabaki 8. Mshiriki anakuwa 2741-8. Mkusanyaji akikosea akaandika 7241-8, hesabu inatoa 57, baki 2, na fomu inakataa hapo hapo. Namba zinazobakiza 10 zirukeni. Kwenye fomu hilo ni sharti la mstari mmoja, nalo linaokoa wiki nzima ya kusaka nani ni nani.

Na kama hamna haja ya GPS ya nyumba, msiichukue. Mkiihitaji, mkusanyaji atoke nje ya bati asubiri usahihi ufike mita 5. Kabla ya kumpa mtu mwingine takwimu hizo, sogezeni nukta. Tafiti za DHS, zile za kitaifa za idadi ya watu na afya, husogeza nukta ya kila eneo la sampuli hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 vijijini, na chache za vijijini hadi 10, ili kaya isijulikane.

SWALI: Mimi ni daktari katika hospitali moja, Pwani ya Kenya. Kampuni ya teknolojia imetuahidi simu na programu ya kufuatilia wagonjwa wa kisukari, bure kabisa. Inachotaka ni takwimu "zisizo na majina" na jina lake kwenye makala ya utafiti. Wakubwa wamefurahi. Mimi moyo hautulii, lakini sijui niulize nini.

JIBU: Moyo wako unafanya kazi yake, daktari. Bure hiyo ina bei na anayeilipa hayupo kwenye kikao.

Anza na maneno "zisizo na majina". Kuondoa jina si kumficha mtu. Latanya Sweeney alionesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu 3 tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta yenye tarakimu 5. Sasa fikiria wodi yenu: mwanamke, miaka 61, kisukari, amekatwa mguu mwezi wa tatu. Mtaa mzima unamjua. Kwa hiyo dai orodha ya kila safu ya takwimu itakayotoka. Umri utoke kwa makundi ya miaka 5 au 10 badala ya tarehe ya kuzaliwa; mahali paishie kaunti; na kundi lolote lenye watu wachache, tuseme chini ya 5, liunganishwe na jingine.

Pili, nani atabeba lawama. Mwaka 2015 hospitali ya Royal Free ya London ilikubaliana na DeepMind, kampuni ya Google, kuhusu programu ya Streams ya kutambua mapema figo zinazoshindwa. Rekodi za wagonjwa wapatao milioni 1.6 zilikwenda. Programu yenyewe haikuwa mbaya, na nia ilikuwa kuokoa watu. Julai 2017 mdhibiti wa Uingereza aliamua kwamba sheria ilikiukwa, kwani wagonjwa hawakuelezwa ipasavyo, na aliyekutwa na kosa alikuwa hospitali. Waoneshe wakubwa wako sentensi hiyo. Hospitali ndiyo yenye dhamana ya taarifa. Kampuni ikijiita "mshirika" hilo halihamishi dhamana. Chini ya sheria yenu taarifa za afya ni taarifa nyeti, na mradi wa namna hii unahitaji tathmini ya athari kwa faragha kabla haujaanza.

Tatu, programu inachukua nini kimya kimya. Mwombe mtu wa TEHAMA aisakinishe kwenye simu tupu na aangalie ruhusa inazoomba. Programu ya sukari kuomba kipima hatua, sawa. Kuomba orodha ya majina ya simu na kinasa sauti, ya nini? Kisha dai kwa maandishi orodha ya vipande vya programu vya kampuni nyingine vilivyomo ndani yake, hasa vya matangazo na vya kufuatilia matumizi. Programu ya hedhi ya Flo iliwaahidi wanawake faragha. Mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ikaituhumu kwamba taarifa zao zilikuwa zinafika kwa kampuni za uchambuzi, Facebook na Google zikiwemo, na mwaka 2021 Flo ikafanya makubaliano nayo.

Nne, mkataba. Yasome haya kwa kalamu mkononi. Matumizi: yatajwe kwamba ni utafiti huu, na kufundisha mifumo ya akili mnemba au kuuza kwa kampuni ya bima kuandikwe wazi kuwa hakuruhusiwi, kwani kisichokatazwa kitafanyika. Uchapishaji: kampuni ipewe siku 30 kusoma rasimu na kuondoa siri zake za kibiashara, basi, isiwe na uwezo wa kuzuia matokeo mabaya. Jaribio lisajiliwe kabla ya mshiriki wa kwanza, kwa mfano kwenye rejesta ya Afrika ya PACTR, na kipimo kikuu kitajwe humo, ili kesho asitokee mtu wa kusema tulikuwa tunapima kitu kingine. Jina la kampuni kwenye makala: mwandishi ni aliyefanya kazi ya kisayansi na anayeweza kuijibia, na mchango wa simu hutajwa kwenye shukrani pamoja na tamko la maslahi. Kama kuna daktari mwenzenu mwenye hisa humo, hata za mke wake, itajwe na asiwe ndiye anayewaomba wagonjwa ridhaa.

La mwisho husahaulika kuliko yote, nalo ni nini kitatokea siku kampuni ikiondoka. Uganda ilichoka na majaribio ya afya ya kidijitali yasiyo na mwisho wala uratibu hadi Januari 2012 Wizara ya Afya ikayasimamisha. Rwanda, Babyl ilikuwa imesajili zaidi ya watu milioni 2. Kampuni mama yake Babylon ilipoanguka Uingereza mwaka 2023, huduma nayo ikafungwa. Muandike basi: takwimu zote zirudishwe katika faili linalofunguka bila programu yao, ndani ya siku kadhaa mtakazokubaliana, nakala zao zifutwe na hati ya kufuta itolewe, mgonjwa abaki na simu, na strip za kupimia zinazoingia kwenye kipima sukari chao ziwe zinapatikana kwenye maduka yenu kwa bei inayojulikana. Kifaa cha bure chenye strip za ghali ni biashara ya zamani sana.

Wakikataa kuandika hayo, umepata jibu lako bila kugombana na mtu.

SWALI: Tunawalipa washiriki kwa pesa za simu, Nakuru. Kamati imeuliza kama hiyo si hongo. Pia kuna mama alipigwa na mumewe kwa sababu ya ujumbe wa malipo. Tufanye nini?

JIBU: Tuanze na huyo mama. Simamisheni malipo ya simu kwa yeyote ambaye hajaulizwa upya, na tukio liripotiwe kwa kamati kama madhara ya utafiti, kwa sababu ndivyo lilivyo. Ujumbe wa M-Pesa unaonesha jina la mtumaji, kiasi na saa. Laini ya mradi ikiwa imesajiliwa kwa jina la utafiti, siri imetoka. Sajilini kwa jina la taasisi lisilotaja ugonjwa, na mpeni mshiriki hiari: pesa ya simu, taslimu kituoni, au salio la maongezi. Kumbukeni pia kwamba laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Jina la kaka likitokea wakati wa kutuma, karani asidhani amekosea akampigia kuuliza.

Hongo? Kinachorudisha alichotumia mshiriki na muda wake siyo hongo. Piga nauli ya kwenda na kurudi, ongeza saa alizokaa kwa kiwango cha kibarua wa eneo lile, ongeza ada ya kutolea pesa, maana ukimtumia nauli kamili naye akakatwa ada, umempunja. Inakuwa kishawishi pale kiasi kinapomfanya mtu afiche ugonjwa ili asajiliwe, au asajiliwe mara mbili kwa laini mbili. Mkiona washiriki wameanza kuja na namba mpya mpya, punguzeni kiasi na mgawe malipo kwa kila hatua badala ya kulundika mwishoni, kwani anayesubiri fungu kubwa la mwisho hawezi kujitoa kwa hiari. Na majibu ya SMS ya mshiriki yalipiwe na mradi. Kumtoza mgonjwa ili aseme "Shida" ni aibu.

SWALI: Tunaweza kuwaweka wagonjwa wetu kwenye grupu la WhatsApp? Ni rahisi na wote wanalo.

JIBU: Hapana. Kila mwanagrupu anaweza kuona namba za wenzake, na mtu mwenye namba anaweza kupata picha na jina. "Wote wanalo" nayo ikaguliwe. Wasio na simu janja hawakusema kwa sababu hawakuulizwa.

SWALI: Mimi niko upande mwingine, natengeneza programu ya wajawazito, Dar es Salaam. Tuna watumiaji wengi na tungependa kuchapisha utafiti kutokana na takwimu tulizo nazo. Watumiaji walikubali masharti ya matumizi. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, na tunashukuru umeuliza kabla. Kubonyeza "Nakubali" chini ya kurasa ambazo hazisomwi ni makubaliano ya kutumia huduma. Mwaka 2014 watafiti wa Facebook na Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la kubadili habari walizoona watumiaji 689,003 ili kupima hisia zao, wakiegemea masharti ya matumizi. Dunia iliwajia juu na jarida lenyewe likatoa tamko la wasiwasi.

Kwa takwimu zilizopo tayari, nendeni kwenye kamati ya maadili kabla ya kuzifungua kwa ajili ya utafiti. Hazipati kibali kwa kurudi nyuma. Kwa Tanzania Bara mlango ni taasisi yenye kamati inayotambulika au NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kamati inaweza kukubali takwimu zilizoondolewa utambulisho zitumike bila kumrudia kila mama, mkieleza kwa nini haiwezekani na mtazilindaje. Anayechambua asiwe yule mwenye funguo za majina. Kwa watumiaji wapya, wekeni swali la utafiti peke yake, mbali na masharti, kwa Kiswahili cha kawaida, kisanduku kikiwa hakijatikiwa, na anayekataa aendelee kupata huduma ile ile. Kisha hesabuni wangapi wamekataa na mtoe idadi hiyo kwenye makala.

SWALI: Niko Unguja. Nataka kugawa wajawazito wa kliniki moja kwa kura: nusu wapate SMS, nusu wasipate. Mtaalamu wa takwimu anasema nigawe vituo badala ya watu, na sampuli imeruka kutoka 200 hadi karibu 500. Ananionea?

JIBU: Hakuonei. Wajawazito wa kliniki moja hukaa benchi moja. Anayepata ujumbe humsomea jirani yake, na makundi yako mawili yanakuwa moja. Ndiyo maana utafiti wa Wired Mothers, uliofanyika hapo hapo Zanzibar, uligawa vituo 24 vyenye wanawake 2,550 badala ya kugawa wanawake mmoja mmoja. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 kwenye vituo vya simu na 47 kwenye vingine. Ila faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Panga mapema kuchambua mjini na shamba mbali mbali.

Kuhusu sampuli: watu wa kituo kimoja hufanana, kwa hiyo kila mmoja anakupa habari pungufu. Chukua idadi ya watu kwa kituo, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana, ongeza 1. Ukiwa na watu 30 kwa kituo na kiwango cha 0.05, ni 29 mara 0.05, yaani 1.45, jumlisha 1, unapata 2.45. Mara 200 ni 490. Ukitaka kupunguza, ongeza vituo na upunguze watu kwa kila kituo: watu 10 kwa kituo inashuka hadi 1.45, yaani 290, ila sasa unahitaji vituo 29, na kwa kura ya pande mbili viwe 30. Juu ya hapo weka nyongeza ya watakaopotea, maana laini hubadilishwa. Mwombe kila mama namba 2 za watu anaowaamini, na umuulize mwenyewe unaweza kuwaambia nini ukiwapigia.